Kufikiwa si Kufika: Uhakiki wa Lugha ya Mifumo ya Kijiografia katika Ugawaji wa Barabara za Vijijini nchini Uganda

Ikisiri

Serikali na wafadhili wanazidi kutegemea mifumo ya kijiografia ya kusaidia uamuzi ili kuamua ni barabara ipi ijengwe, wapi, na kabla ya ipi. Mifumo hiyo husifiwa kwamba huondoa upendeleo na kuleta haki katika ugawaji wa miundombinu. Makala hii inahakiki sifa hiyo kwa kuchunguza lugha ambayo mifumo hiyo huitumia kuuliza na kujibu maswali yake. Kwa kuongozwa na Fahirisi ya Ufikivu Vijijini na mifano ya Kalangala, Bududa na Karamoja, inadaiwa kwamba sehemu kubwa ya swali la haki huwa imekwisha kujibiwa kabla ramani haijachorwa, katika fasili za maneno ufikivu, barabara na usawa. Kwa kuwa istilahi za Kiswahili za uwanja huu bado zinaundwa, makala inapendekeza namna ya kuziunda bila kuuficha uamuzi huo.

1.0 Utangulizi

Bajeti ya barabara haitoshi popote. Kila kilomita inayowekwa lami katika wilaya moja ni kilomita ambayo wilaya nyingine imeikosa mwaka huo, na pengine kwa miaka kumi ijayo. Nchini Uganda, kama kwa jirani zake, chaguo hilo kwa muda mrefu lilifuata mazao, migodi na siasa. Reli ya Busoga iliyofunguliwa mwaka 1912 kati ya Jinja na Namasagali ilifuata pamba. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 ilifuata shaba ya Kilembe. Maeneo ambayo hayakuwa na pamba wala shaba yalibaki yakisubiri, na mengine bado yanasubiri.

Kutokana na historia hiyo, ahadi ya mfumo wa kijiografia wa kusaidia uamuzi ina mvuto wa kweli. Mfumo wa aina hii, ambao Densham aliueleza kwa upana mwaka 1991, huunganisha matabaka ya data (idadi ya watu, mtandao wa barabara, mwinuko wa ardhi, mahali zilipo hospitali, shule na masoko) na kanuni za kupima umuhimu wa kila tabaka. Mwisho hutoa orodha ya miradi iliyopangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na ramani yenye rangi zinazoonesha walio nyuma. Mpangaji anayekabiliwa na shinikizo la wanasiasa hupata mahali pa kuegemea: anaweza kusema kwamba si yeye aliyeamua.

Kauli hiyo ndiyo inayohitaji kuhakikiwa. Wanajiografia wenyewe wamekwisha kukiri kwamba ramani si kioo cha dunia. Harley alilieleza jambo hilo kwa ukali mwaka 1989. Lakini uhakiki wa ramani umeelekezwa zaidi kwenye mistari, mipaka na rangi, na kidogo sana kwenye maneno. Ilhali kila tabaka la data lina jina, na kila jina lina fasili inayoingiza baadhi ya watu na kuwatoa wengine. Wataalamu wa lugha wamewaachia wahandisi kazi ambayo nusu yake ni ya isimu.

2.0 Fahirisi na vitenzi vyake

Kipimo kinachotawala mjadala wa barabara za vijijini ni Fahirisi ya Ufikivu Vijijini. Ilianzishwa na Benki ya Dunia, na maelezo yake ya msingi yalitolewa mwaka 2006 na Roberts na wenzake. Leo ni kiashiria namba 9.1.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu. Hupima sehemu ya wakazi wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Kilomita 2 zilichaguliwa kwa kuwa ni sawa na mwendo wa takriban dakika 20 hadi 25 kwa miguu.

Hapo mwanzo fahirisi ilitegemea zaidi tafiti za kaya, yaani watu waliulizwa. Mwaka 2016 ilitolewa mbinu mpya iliyojaribiwa katika nchi nane, zikiwamo Uganda, Kenya na Tanzania. Katika mbinu hiyo idadi ya watu hugawanywa katika miraba midogo kwa msaada wa picha za setilaiti, barabara huchorwa juu yake, kisha ukanda wa kilomita 2 hupimwa kila upande. Matokeo ya Uganda yalikuwa zaidi kidogo ya nusu ya wakazi wa vijijini, Kenya juu yake kidogo, na Tanzania karibu robo. Gharama ya kupima ilishuka na ulinganishaji ukawa rahisi, na hizo ni faida ambazo hazifai kubezwa. Lakini mwananchi ambaye katika mbinu ya kwanza alijibu swali, katika mbinu ya pili ni idadi iliyokisiwa ndani ya mraba.

Kiswahili kinasaidia kuona kilichobadilika. Kutokana na mzizi mmoja, lugha inatofautisha kufika, kufikia, kufikiwa na kufikika. Kufika ni tendo la msafiri, na linakamilika anapokuwa mahali alipokusudia. Kufikia, kwa kauli yake ya kutendea, kunadai yambwa: mtu anafikia nini? Hospitali, soko, mahakama? Kufikiwa kunamgeuza mtu kuwa mpokeaji wa tendo la kitu kingine. Kufikika ni hali tu. Hakutaji mtenda wala chombo wala wakati. Istilahi ya ufikivu, inayozidi kuzoeleka katika maandishi ya sera, imejengwa juu ya hali hiyo isiyotaja mtenda. Inasikika kana kwamba inazungumzia uwezo wa watu kufika, lakini kipimo chenyewe hakina mahali pa mwisho wa safari. Hakiulizi barabara inaelekea wapi, inachukua saa ngapi, wala nauli ni kiasi gani. Kinachopimwa ni kama barabara imemkaribia mtu. Kwa Kiswahili sanifu, hicho ni kipimo cha kufikiwa.

Si kwamba dhana pana haikuwapo. Hansen, mwaka 1959, alikwisha kuufasili ufikivu kwa kuzingatia fursa zilizopo na ugumu wa kuziendea, na mifumo mingi ya kisasa inaweza kukokotoa muda wa safari hadi kituo cha afya. Tatizo ni kwamba kipimo chepesi ndicho kilichopewa jina zito, na jina hilo ndilo linalosomwa na waziri.

Neno la pili ni barabara, au kwa usahihi zaidi, barabara inayopitika. Inapitika na nani? Ufafanuzi wa fahirisi unataja chombo kinachotumika zaidi vijijini, ambacho mara nyingi huchukuliwa kuwa pikapu au lori la kawaida, na unaruhusu barabara ifungwe kwa muda mfupi wakati wa mvua kubwa. Katika mbinu ya 2016, kupitika kulipimwa kwa ukwaru wa uso wa barabara: chini ya mita 6 kwa kilomita kwa barabara ya lami, na chini ya mita 13 kwa kilomita kwa barabara ya udongo au changarawe. Ni kipimo cha matairi manne. Chombo cha kijijini Uganda ni bodaboda, na hata jina lake lina funzo: lilizaliwa Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha abiria kati ya kituo cha mpaka cha upande mmoja na cha upande wa pili. Chombo kilipewa jina kwa kule abiria alikokuwa anakwenda. Bodaboda hupita katika vijia ambavyo mfumo hauna tabaka lake, na kwa hiyo unamhesabu kuwa ametengwa mtu ambaye kila siku anakwenda sokoni. Kwa upande mwingine, unamhesabu kuwa amehudumiwa mtu mwenye barabara nzuri mlangoni ambaye hana nauli ya kupanda chochote kinachopita juu yake.

Uganda hugawa barabara zake katika za taifa, za wilaya, za mijini na za jamii. Hizi za mwisho ziko mikononi mwa serikali za ngazi ya chini, LC III, zenye fedha kidogo kuliko zote na uwezo mdogo wa kuweka kumbukumbu. Waganda hutofautisha oluguudo na ekkubo, kama Waswahili wanavyotofautisha barabara na njia. Data za mfumo huwa nzuri kwenye oluguudo na hafifu kwenye ekkubo. Barabara isiyo na kumbukumbu haiombewi matengenezo, na isiyotengenezwa huacha kupitika. Upungufu wa data unazaa upungufu wa barabara, na duru ijayo ya upimaji inauthibitisha.

3.0 Kisiwa, mlima na malisho

Wilaya ya Kalangala ni visiwa 84 vya Ssese katika Ziwa Viktoria. Kisiwa kikubwa, Bugala, kina barabara, na wakazi wake wengi wanaweza kuingia ndani ya ukanda wa kilomita 2 bila tabu. Kwa kipimo cha fahirisi wamehudumiwa. Lakini mkazi wa Bugala anayehitaji hospitali ya rufaa ya Masaka au ya Entebbe anategemea feri, ama ya Luku kwenda Bukakata au meli inayotoka Lutoboka kwenda Nakiwogo. Feri isiposafiri, barabara yake inaishia majini. Katika visiwa vidogo hali ni kinyume. Mvuvi asiye na barabara kabisa anaandikwa katika hesabu ya waliotengwa, na dawa pekee ambayo kipimo kinaijua ni kumjengea barabara katika kisiwa anachoweza kukizunguka kwa miguu. Anachohitaji ni gati, mtumbwi salama, na ratiba inayoheshimiwa. Kipimo kilichobuniwa kwa nchi kavu hakina kauli ya kusema maneno hayo, na mradi usiotajika haupangwi.

Bududa, kwenye miteremko ya mlima Elgon, inaonesha kasoro ya aina nyingine. Ukanda wa kilomita 2 hupimwa kwa mstari mnyoofu. Mtu aliye ng'ambo ya bonde anaweza kuwa mita 800 kutoka barabarani kwa macho na mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwa kuwa lazima ashuke hadi mtoni na kupanda tena. Aidha, ardhi yenyewe haitulii. Mwezi Machi 2010 maporomoko yalifukia eneo la Nametsi na kuua mamia ya watu. Oktoba 2018 mafuriko ya mto Suume yalisomba watu na makazi. Data ya barabara iliyokusanywa kabla ya tukio la aina hiyo huendelea kutumika baada yake, na katika ramani barabara iliyofukiwa inabaki na rangi ile ile. Zipo mbinu za kuingiza mwinuko na hatari ya maporomoko, na data za mwinuko hupatikana bure. Kutozitumia ni uamuzi wa mtu, japo huandikwa katika ripoti kama hali ya data.

Karamoja ndiyo inayotikisa zaidi. Mfumo unamweka kila mtu mahali pamoja, mahali anapolala, na kudhani kwamba hapo ndipo anapoishi mwaka mzima. Katika jamii ya wafugaji, sehemu ya kaya hubaki kwenye makazi ya kudumu na sehemu nyingine, hasa vijana, huhama na mifugo hadi kambi za malisho kufuata maji. Neno wanaishi ndani ya fasili ya fahirisi linabeba dhana ya mkulima. Mfugaji huyo yuko ndani ya ukanda mwezi Juni na nje yake mwezi Januari, na kitakwimu huwa upande mmoja tu. Isitoshe, barabara inayomfaa yeye huenda si ile inayomleta mtu mjini. Huenda ni ile inayomfikisha daktari wa mifugo na chanjo kule ng'ombe waliko. Hapo kufikiwa kungekuwa na maana njema, kama fahirisi ingekuwa imeuliza nani anafikiwa na nani.

4.0 Uzito wa maneno

Mifumo mingi haiishii kwenye fahirisi moja. Huchanganya vigezo kadhaa na kuvipa uzito, na njia inayopendwa ni ile ya Saaty, ambaye kitabu chake cha mwaka 1980 kilieneza utaratibu wa kulinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9. Mhojiwa huulizwa: ukaribu wa kituo cha afya ni muhimu kiasi gani kuliko gharama ya ujenzi? Moja ni umuhimu ulio sawa, tatu ni zaidi kwa kadiri, tano ni kwa nguvu, saba ni kwa nguvu sana, na tisa ni upeo wa mwisho.

Maneno hayo matano yalitungwa kwa Kiingereza, na hatua zake zinadhaniwa kuwa sawa. Mtafsiri anayeyaleta katika Kiswahili anakutana na ngazi isiyo na vipandio vile vile. Kidogo, sana, sana sana, mno, kupita kiasi: mfululizo huu unasikika kama wa kupanda, lakini vipandio viwili vya juu vina lawama ndani yake. Kitu kilichozidi mno, au kilichopita kiasi, ni kitu kilichovuka mpaka unaofaa. Mhojiwa mwenye adabu ya lugha, akiulizwa kama afya ni muhimu kupita kiasi kuliko gharama, atasita, si kwa sababu anaidharau afya bali kwa sababu hakuna anayesifu jambo kwa maneno hayo. Atarudi kwenye sana. Katika jedwali, 9 inakuwa 5, na kigezo cha afya kinapoteza uzito kwa sababu ya tafsiri. Katika Uganda, ambako mahojiano ya vijijini hufanyika kwa Luganda, Lugisu, Ngakarimojong na lugha nyingine nyingi huku dodoso likiwa limeandikwa kwa Kiingereza, tafsiri ya aina hii hufanywa papo hapo na msaidizi wa utafiti, pasipo kuandikwa popote.

Mbinu ya Saaty ina kinga yake, uwiano wa uthabiti, ambao unatakiwa usizidi 0.10. Ripoti huutaja uwiano huo kama hati ya usafi. Lakini unachopima ni kama mhojiwa amejipinga mwenyewe katika majibu yake. Afisa ambaye kwa kila ulinganisho anaweka gharama mbele ya watu atapata uthabiti wa hali ya juu. Mama ambaye anaona soko ni muhimu kuliko zahanati wakati wa mavuno, na zahanati kuliko soko wakati wa ujauzito, ataonekana hana uthabiti, na majibu yake yatarudishwa ayarekebishe.

Ikumbukwe pia kwamba katika orodha ya vigezo, gharama karibu kila mara hupimwa kwa ukaribu na mtandao uliopo. Kuunganisha kipande kifupi na barabara kuu ni rahisi, na kuanza upya mbali nayo ni ghali. Kwa hiyo pamba ya 1912 na shaba ya 1956 zinaingia katika programu zikiwa hazina jina, na zinapewa alama.

5.0 Usawa wa nani

Lengo la 9.1 linazungumzia ufikivu wa watu wote ulio nafuu na wa haki. Kiashiria chake kinazungumzia kilomita 2. Unafuu na haki vimepotea njiani, na kupotea huko kuna matokeo yanayohesabika.

Chukulia kwamba zipo fedha za kilomita 10 tu. Ukanda wa kilomita 2 kila upande unafunika takriban kilomita za mraba 40. Katika nyanda zenye watu 400 kwa kilomita ya mraba, barabara hiyo inaingiza watu 16,000 kwenye hesabu ya waliohudumiwa. Katika nyika yenye watu 40 kwa kilomita ya mraba, inaingiza watu 1,600. Mpangaji anayetakiwa kupandisha fahirisi ya taifa atajenga nyandani kila mara, na nyika itafikiwa baada ya nyanda zote kwisha. Hakuna aliyependelea na hakuna aliyehongwa. Mfumo umefanya kazi yake barabara, na mtu wa Karamoja yuko mwisho wa foleni kwa sababu jirani zake ni wachache.

Ni kweli kwamba mtetezi wa hesabu hii ana hoja. Fedha ni za umma, na kuwahudumia watu 16,000 badala ya 1,600 ni jambo la maana. Lakini hiyo ni falsafa moja ya haki miongoni mwa kadhaa. Rawls (1971) angeuliza kuhusu hali ya aliye chini kabisa. Martens (2017) angeuliza kama kila mtu amefikia kiwango kinachotosha, kabla ya kuwaongezea waliokwisha kukivuka. Mfumo wa kompyuta unaweza kutekeleza yoyote kati ya hizo, na tofauti ya programu ni ndogo mno. Tofauti ya orodha inayotoka ni kubwa. Kinachokosekana katika ripoti nyingi ni sentensi moja inayosema ni ipi iliyochaguliwa na nani aliyeichagua.

Kiswahili nacho kina sehemu ya lawama. Neno usawa limebebeshwa maana zote hizi kwa pamoja. Ni kulingana kwa vitu, ni kutendewa haki, na ni kimo, kama katika usawa wa bahari. Ripoti ikisema barabara zimegawanywa kwa usawa, msomaji hawezi kujua kama kila wilaya ilipata kilomita zile zile, au kila mtu, au kwamba waliokuwa nyuma walipewa zaidi. Lugha ina maneno ya kutofautisha: ulinganifu kwa mgawo unaofanana, utoshelevu kwa kima cha chini kinachohakikishwa kwa kila mmoja, na insafu, neno la zamani ambalo halijachakazwa na hotuba, kwa mgawo unaozingatia hali ya mpokeaji. Pendekezo hili la mwisho litapingwa na watakaoliona neno kuwa la pwani mno kwa msomaji wa Mbarara au Gulu. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo, msomaji huyo analetewa maneno mapya ya uwanja huu kwa vyovyote vile, na ni afadhali aletewe yenye mipaka.

6.0 Kazi iliyo mezani

Hakuna katika haya yote hoja ya kurudi kwenye ugawaji wa barabara kwa simu ya mkubwa. Ramani mbaya inaweza kupingwa hadharani kwa sababu fasili zake zimeandikwa. Simu haina fasili. Ubora wa mifumo hii ni kwamba inaweza kuulizwa, mradi lugha yake iwe ya kuulizika na wale inaowahusu.

Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Nyaraka za mipango zitaanza kuandikwa, au angalau kutafsiriwa, kwa lugha hii. Istilahi nyingi za uwanja wa usafiri bado hazijaganda. Ufikivu ungeweza kuachwa ubaki jina la jumla, na Fahirisi ya Ufikivu Vijijini ikaitwa kwa inachokipima: Fahirisi ya Ukaribu wa Barabara. Vipimo vya muda na nauli hadi hospitali au soko vingeitwa vipimo vya ufikiaji, ambalo ni jina la tendo na humlazimu mwandishi aseme nani anafikia nini. Kila ripoti ingepaswa kutaja, pembeni mwa neno linapitika, chombo kilichokusudiwa na mwezi wa upimaji.

Jambo la dharura zaidi ni dodoso la uzito. Mabaraza ya lugha ya nchi wanachama na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki wanao wataalamu wa kulifanyia kazi kabla halijaenea: kutafuta ngazi ya maneno ambayo wasemaji wenyewe huipanda bila kukwama, kuijaribu katika lugha za jirani, na kupima kama umbali kati ya kipandio na kipandio unalingana. Pengine itaonekana kwamba maneno hayafai kabisa na mhojiwa apewe kokote au punje za mahindi azigawanye kati ya vigezo, kama wanavyofanya tayari baadhi ya watafiti wa vijijini. Hadi kazi hiyo ifanyike, namba zinazokusanywa Moroto kwa Ngakarimojong na zile zinazokusanywa Mbarara kwa Runyankore zinaingizwa katika jedwali moja ilhali hazikujibu swali moja.